Nitro kwenye tanki la Toyota IST: piga hesabu kabla hujafungua kifuniko

Ukiletewa chupa yenye picha ya moto na neno NITRO limeandikwa kwa herufi zinazokimbia, igeuze. Mbele ya chupa ni biashara, maelezo ya maana yako nyuma. Kama nyuma hakuna kitu, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji utafute karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo, kisha tazama sehemu ya viambato. Namba unayoitafuta ni 75-52-5. Hiyo ndiyo nitromethani. Ikiwepo, pembeni yake pana asilimia. Isipokuwepo, umenunua jina.

Chupa nyingi ninazoletewa hapa gereji hazina namba hiyo. Zina mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo ndiyo yanayojaza chupa, na kiasi kidogo cha MMT, namba 12108-13-3. MMT ni kemikali yenye manganizi ndani yake, na kazi yake ni kuongeza okteni, yaani uwezo wa petroli kubanwa bila kujilipukia. Inafanya kazi kweli, ila inaacha alama: plagi zinatoka na rangi ya kutu, kama zimechovywa kwenye udongo wa Dodoma. Halafu angalia wanavyohesabu. Wakisema "inaongeza pointi 30", kwa kawaida pointi kumi ni okteni moja. Kama petroli yako ni 93, umefika 96, na hapo ni kama chupa inasema kweli.

Sasa tuseme chupa yako ina nitromethani halisi. Na tusichanganye na ile gesi ya naitrasi inayofungwa kwenye mtungi nyuma ya siti. Hiyo ina mfumo wake na hatari zake. Tunayozungumzia hapa ni ya maji.

Siri ya nitromethani ni kwamba inabeba oksijeni yake yenyewe. Petroli, ili iungue sawasawa, inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Nitromethani inataka kilo 1.7 tu. Ukipima kilo kwa kilo, nitro ni dhaifu: ina takriban megajuli 11 wakati petroli ina kama 44. Lakini injini haibanwi na mafuta, inabanwa na hewa. Kwa hewa ileile inayoingia kwenye silinda, unaweza kuchoma nitro mara nane na zaidi ya petroli, na mwishoni unapata nishati zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana magari ya Top Fuel, yale ya mbio fupi za kunyooka kule Marekani, yanaitumia. Injini zao ni za lita 8.2, zina supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani), zinanywa mchanganyiko wa nitro hadi asilimia 90 na methanoli. Zinakimbia futi 1,000, kama mita 305, kwa sekunde chache, zinamaliza zaidi ya lita 40, kisha injini inafunguliwa yote na kuundwa upya kabla ya mbio inayofuata. Tena mgandamizo wao, yaani kiasi silinda inavyobana mchanganyiko, ni mdogo, karibu 7 kwa 1, kwa sababu nitro ikibanwa sana inajilipukia yenyewe. IST yako yenye injini ya 1NZ ina 10.5 kwa 1.

Hesabu ya IST ni hii. Tanki lita 45, chupa mililita 300. Hata kama chupa yote ni nitro tupu, umeweka chini ya asilimia 1. Nimepiga hesabu kwa namba hizo za juu: kwa hewa ileile, nishati inapanda kama asilimia 0.14. Kwa injini ya nguvu za farasi kama 110, hiyo ni chini ya robo ya farasi mmoja. Kuzima AC kunakupa zaidi, na ni bure.

Ukiongeza hadi asilimia 5, yaani lita mbili na robo kwenye tanki zima, unapata kama asilimia 1. Ukitaka ongezeko la asilimia 5, ambalo hata hivyo ukiwa na abiria wanne hulisikii, unahitaji asilimia 20 ya nitro: lita 9. Na hapo ndipo gari la kawaida linapokataa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni nozeli zinazonyunyiza mafuta na kontroboksi, kompyuta ya injini. Mchanganyiko huo wa asilimia 20 unahitaji mafuta kama asilimia 20 zaidi kwa hewa ileile. Kontroboksi haijui umeweka nini. Inachoona ni kwamba sensa ya oksijeni inasema mafuta ni kidogo, basi inaongeza muda wa nozeli kufunguka. Unaweza kuliona hili kwa macho. Chukua kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, fungua programu ya simu, tafuta STFT na LTFT, asilimia ambazo kontroboksi inaongeza au kupunguza mafuta. Gari lisilo na tatizo likiwa sileni (linanguruma bila kukanyagwa) na injini imepata moto, namba hizo zinacheza karibu na sifuri. Zikipanda zikakaa juu ya 20, taa ya injini inakaribia kuwaka, na kodi ya hitilafu itakayotoka mara nyingi ni P0171, maana yake mafuta ni pungufu. Mbaya zaidi ni pale unapokanyaga mpaka mwisho. Magari mengi hapo yanaacha kusikiliza sensa na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kwa petroli. Yaani unapotaka nguvu zaidi ndipo mafuta yanapokuwa pungufu, joto linapanda, injini inagonga (mafuta yanajilipukia vibaya ndani ya silinda), pistoni inatoboka.

Ya pili ni kwamba nitro na petroli hazipendani. Kidogo itayeyuka, ikizidi inajitenga. Lita moja ya nitro ina zaidi ya kilo 1.1, ya petroli ina kama robo tatu ya kilo. Inayojitenga inakwenda chini, na chini ndiko iliko pampu.

Kuna kijana aliniletea gari linatetemeka.

"Shikamoo fundi. Linamisi tangu jana usiku."

"Marahaba. Umeweka nini?"

"Petroli tu."

"Petroli tu?"

Akaangalia pembeni. "Na ya kale kagari ka rimoti, kidogo. Bro alikuja nayo kutoka Dubai."

Mafuta ya magari ya kuchezea ya rimoti ni methanoli kwa sehemu kubwa, nitro asilimia 10 hadi 30 hivi, na iliyobaki ni oili, mara nyingi ya mbarika. Tulitoa kidogo kwenye mpira wa mafuta tukaweka kwenye chupa ya glasi, tukaiacha kivulini. Juu petroli safi ya rangi ya majani ya chai hafifu. Chini, unene wa kidole, kitu cha pinki kinachoteleza kama shira. Ukiitikisa inageuka maziwa, ukiiacha inarudi chini. Tanki lake lilikuwa na maji kidogo pia, na methanoli ikikutana na maji inaiacha petroli inayafuata. Kwa hiyo kila gari lilipowashwa pampu ilikuwa inaanza kunyonya ile ya pinki.

Kama umeshamimina, fanya hivi. Ikiwa ni chupa moja ya mililita 300 kwenye tanki lililojaa, na gari halimisi, endesha taratibu, ongeza petroli kila tanki likishuka kidogo, usikanyage sana mpaka tanki mbili zipite. Usitoe tanki bure.

Ikiwa ni lita na zaidi, au ni mafuta ya rimoti, usiwashe gari. Lisukume nje, mbali na jiko na sigara, mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, siyo dukani kwa jirani. Kwenye IST na Vitz pampu iko chini ya siti ya nyuma: inua siti, toa kifuniko, safisha vumbi kwanza kabla hujafungua chochote. Chomoa betri, fungua mpira polepole ukiwa umeuzungushia kitambaa maana ndani kuna presha, toa pampu, kisha nyonya mafuta yote kwa pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo, tafadhali. Methanoli inapofusha, na nitromethani Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Badili filta iliyo kwenye pampu, futa sakafu ya tanki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, weka petroli mpya. Kisha vuta dipstiki: oili ikinuka mafuta, imwage nayo.

Kwa anayetaka gari livute, kazi iko kwingine. Kwenye gari lisilo na turbo, anza na thamostati, kile kidhibiti cha joto la injini. Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa na kuitupa, eti Dar ni joto. Injini inakaa baridi, kontroboksi inadhani ndiyo kwanza imewashwa na inaendelea kumwaga mafuta, gari linakuwa zito na linakula. Rudisha thamostati halisi. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, siyo kwa petroli wala brashi. Plagi za 1NZ ziwe na pengo la karibu milimita 1.1. Pima mgandamizo wa silinda zote nne; kama moja imeshuka, hakuna chupa itakayoipandisha. Na toa kwenye buti lile jeki la lori ulilobeba tangu Krismasi.

Wenye Subaru na turbo nyingine za Japani, ninyi ndio mna hoja ya okteni. Nyingi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule kwao, inayokaribia okteni 100, na hapa zinagonga mlimani na kwenye foleni ya jua kali. Hapo MMT inaweza kusaidia kwa safari moja, nitro haisaidii, inaongeza tatizo. Dawa ni kushusha presha ya turbo, weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja (zinazotoa joto haraka) na pengo dogo, karibu 0.7, na mtafute mtu wa kupanga upya kontroboksi ambaye anasikiliza injini kwa vifaa vya masikioni huku anafanya kazi. Anayekupangia kwa kusoma laptopu tu bila kulipima gari barabarani, mlipe nauli arudi kwao.

Chupa ya nitro iliyobaki usiiache kwenye buti. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 35, na gari lililoegeshwa juani Kariakoo linapita hapo kabla ya saa sita. Umoja wa Ulaya umezuia raia wa kawaida kununua yenye zaidi ya asilimia 16 bila leseni kwa sababu inatengenezewa vilipuzi, na mwaka 1958 matangi yake mawili ya reli yalilipuka Marekani. Iache kwenye chupa yake, imefungwa, kivulini, mbali na kemikali nyingine zozote za gereji. Ile ya magari ya rimoti mpe mwenye gari la rimoti.