Bisi za sufuria ya kuzungusha: somo zima, na maswali yenu

Nimeulizwa sana habari za bisi tangu Jumapili ile watoto wa jirani walipoondoka kwangu Sakina, hapa Arusha, wameacha beseni tupu. Leo naandika somo lote mara moja, maswali yaje baadaye. Ila neno moja nalitanguliza, ili atakayechoka njiani aondoke nalo: bisi zikitoka mbaya, mara nyingi wa kulaumiwa ni mahindi yaliyokauka kupita kiasi. Mimi nililaumu sufuria mwaka mzima, maskini, haina kosa.

Sufuria yenyewe ni ile yenye mpini wa kuzungusha. Ukiuzungusha, waya wa ndani unafagia chini ili punje zisikae mahali pamoja zikaungua. Ipo ya kuweka juu ya jiko la gesi, na ipo ya umeme ambayo mota inakoroga yenyewe. Zote ni wajukuu wa mashine ya bwana mmoja wa Chicago, Charles Cretors, aliyoipeleka kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893. Kabla yake wauzaji walikuwa wakishika wavu wa waya juu ya moto na kupika bisi kavu. Yeye akazipika ndani ya mafuta, na chumvi humo humo. Ukimwona kijana wa bisi pale stendi leo, anafanya jambo lile lile. Kama huna sufuria hiyo, chukua sufuria nzito yenye kifuniko. Badala ya kuzungusha mpini utaitikisa, mikono itachoka, lakini bisi zitapatikana.

Mahindi kwanza

Mahindi ya bisi ni mbegu yake. Usichote mahindi ya ugali ukasubiri muujiza. Yatapasuka nusu, utatafuna kama unatafuna kokoto. Punje ya bisi ni ndogo, ngumu, na ganda lake halipitishi mvuke kirahisi. Ndani yake kuna maji kidogo, na kiwango kizuri ni asilimia 13 hadi 14 ya uzito wake. Ukiipasha moto, maji yale yanataka kuwa mvuke na hayana mlango wa kutokea. Yanasukuma, yanalainisha wanga wa ndani, na joto likifika kama nyuzi 180 ganda linasalimu amri. Wanga unafumuka kama povu, unapoa na kukauka hapo hapo kabla haujagusa kifuniko.

Kwa hiyo maji yakipungua, nguvu ya kupasua inapungua. Ganda likiwa na ufa, mvuke unatoroka taratibu na punje inabaki imekaa tu inakutazama.

Sasa fikiria gunia lililoachwa wazi mlangoni mwa duka kuanzia Desemba mpaka Februari, jua linaliwakia na upepo unalipitia. Hapo ndipo nilipopatikana. Duka lenyewe silitaji. Nilinunua kilo mbili, muuzaji akaniapia kwamba ni mapya, mama, ya juzi tu. Nikapika, nusu ya sufuria ikabaki mawe. Nikadhani moto mdogo, nikaongeza. Yakaungua, na nyumba ikanuka moshi hadi jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna usalama. Mwisho nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nilihesabu punje 100, nikazipika peke yake, nikahesabu zilizogoma. Zilikuwa 38.

Dawa yake ni maji. Chukua nusu kilo ya mahindi, yatie kwenye chupa au ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana, mimina kijiko kimoja kikubwa cha maji (ml 15), tikisa mpaka kila punje ilowe. Tikisa tena asubuhi na jioni, kwa siku tatu au nne. Maji hayo ni sawa na asilimia 3 ya uzito wa mahindi, na ndiyo aliyoyanyang'anya jua. Usizidishe ukidhani unafanya wema: punje yenye maji mengi inapasuka mapema, inatoa bisi ndogo, ngumu, za kuvutana na meno. Yale mahindi yangu baada ya siku nne nilihesabu tena 100. Zilizogoma zilikuwa 6.

Ukinunua, nunua yaliyofungwa, au mwombe muuzaji akuchotee katikati ya gunia, asikupe ya juu. Nyumbani yaweke kwenye chombo kinachobana, mbali na jiko. Kwenye friji hapana, huko yanakauka.

Mafuta na chumvi

Kwa sufuria ya lita tano au sita: nusu kikombe cha mahindi (kama gramu 100), vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Utapata bisi za lita tatu na nusu hadi nne. Najua nusu kikombe kinaonekana kidogo. Usiongeze. Mume wangu aliongeza siku moja sikuwepo, bisi zikainua kifuniko na kutembea jikoni.

Alizeti iliyosafishwa vizuri inafaa, inavumilia moto. Alizeti ya kukamua, ile isiyong'aa yenye harufu nzuri, mimi naipenda kwenye mboga, ila kwenye bisi inatoa moshi mapema mno. Ukitaka rangi ya njano kama za sinema, changanya kijiko kimoja cha mawese na viwili vya alizeti; usitie mawese matupu, ladha itatawala. Samli ni tamu kuliko vyote, na mfuko ukiruhusu, itumie. Siagi na majarini visiingie kwenye sufuria: vina maji, vitaruka na vitaungua.

Chumvi isage kwenye kinu mpaka iwe kama unga. Chumvi ya mawe haishiki kwenye bisi, inateleza yote chini, ndiyo maana wa mwisho kufika kwenye beseni huwa anakunywa maji sana.

Kupika

1. Tia mafuta na punje tatu tu. Funika, moto wa kati. Punje hizo ndizo kipimajoto chako. Zikipasuka zote tatu, mafuta yako tayari. Mafuta yakitoa moshi kabla hazijapasuka, moto ni mkali, punguza.

2. Mimina mahindi yote na chumvi, funika, anza kuzungusha polepole. Hakuna haja ya kushindana. Mzunguko mmoja kwa sekunde mbili unatosha. Moto usiubadilishe.

3. Hapa ndipo kazi ilipo, na inafanywa kwa masikio. Mwanzoni kimya, mafuta yanachemka kwa sauti ya chini. Baada ya dakika moja hivi, tak. Tak. Halafu mbili kwa pamoja, halafu inakuwa mvua ya mawe juu ya bati. Usiache kuzungusha. Utasikia mpini unakuwa mzito kwa sababu bisi zinajaa. Usiulazimishe, urudishe nyuma kidogo kisha mbele. Kama kifuniko hakina matundu, kiache wazi upana wa kidole upande usiokuelekea wewe, mvuke utoke. Mvuke ukibanwa humo, bisi zinalainika kama sponji.

4. Mvua ikipungua, hesabu. Ukifika sekunde mbili au tatu kati ya mlio na mlio, zima na mimina papo hapo kwenye beseni pana. Usingoje tano zilizobaki. Hizo punje tano zitakuunguzia bisi mia nne.

5. Acha beseni wazi kwa dakika moja au mbili, tikisa ili punje zilizogoma zishuke chini, ndipo ugawe.

Maswali

*Dada shikamoo. Niko Ngaramtoni, huku juu maharage yanachukua siku nzima kuiva. Bisi nazo si zitasumbua?*

Marahaba mdogo wangu. Maharage yanachelewa kwa sababu yanaiva ndani ya maji, na kwa urefu wetu huu, mita 1,400 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hata ukiwasha moto wa kuzimu, maji hayapandi zaidi ya hapo. Bisi zinaiva ndani ya mafuta, na mafuta yanapanda hadi nyuzi 180 na kuzidi, iwe Ngaramtoni, iwe Tanga. Sumbuko la huku ni upepo mkavu tu, na dawa nimeshaitaja.

*Naomba bisi za sukari, zile ngumu kidogo zinazong'aa.*

Vijiko vikubwa vitatu vya sukari kwa nusu kikombe cha mahindi. Usiitie mwanzo. Ngoja mlio wa kwanza baada ya kumimina mahindi, fungua upande, mwaga sukari, funika, na kuanzia hapo zungusha bila kupumzika. Sukari inageuka kahawia kwenye joto lile lile bisi zinapopasukia, kwa hiyo kati ya tamu na chungu una sekunde chache. Zima mapema kuliko kawaida, mlio ukianza tu kupungua. Na tafadhali, watoto wakae mbali: sukari ya moto ikikugusa inanata na inaendelea kuunguza.

*Mimi ni bachela wa Pasua, Moshi, nina ile ya umeme. Inakula luku?*

Angalia wati zilizoandikwa chini yake, kaka. Tuseme ni 300. Ukiiwasha dakika kumi umetumia uniti 0.05, yaani mara ishirini ndiyo uniti moja. Pasi yako inakula zaidi. Ila ya umeme inachelewa kupata moto, kwa hiyo iwashe na mafuta yake dakika tatu hivi kabla ya kutia mahindi, kama maelekezo yake yanaruhusu.

*Chini ya sufuria pamekuwa peusi, nimeloweka magadi naona imezidi.*

Pole. Kama ni ya alumini, magadi ndiyo yaliyoiharibu rangi. Alumini na magadi havipatani. Chemsha maji yenye maji ya limau mawili matatu kwa dakika kumi, acha yapoe, sugua kwa sponji. Weusi utapungua, usitegemee uishe wote. Ya umeme usiizamishe kwenye maji kabisa. Ngoja ipoe, ifute kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kingine chenye maji safi. Na ukifuta kila baada ya kupika, mafuta hayapati nafasi ya kuganda.

*Mtoto wangu ana miaka miwili na nusu, analilia sana bisi.*

Mama, subiri. Madaktari wa watoto wanashauri bisi zisipewe mtoto aliye chini ya miaka minne, kwa sababu ni rahisi kumkaba. Ganda jembamba na punje isiyopasuka ndiyo hatari zaidi. Mpe ndizi, atakununia kidogo, atasahau.

*Mafuta yakishika moto nifanyeje? Iliwahi kunitokea nikamwaga maji.*

Mungu alikulinda. Maji hapana, kamwe: yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima gesi kama unaweza kufikia, sukuma kifuniko juu ya sufuria, na uiache hapo hapo. Usiibebe kwenda nje. Usifungue kuchungulia mpaka ipoe kabisa. Ndiyo maana nasema usiondoke jikoni. Bisi ni kazi ya dakika tano, simu itakusubiri.

*Nataka kuuza karibu na shule, hapa Kijenge. Za asubuhi zinakuwa laini mchana.*

Mambo mawili. Kwanza, unafunga zikiwa na moto. Zitandaze kwanza zipoe kabisa, robo saa hivi, maana mvuke wake ukifungiwa unarudi kwenye bisi. Pili, unapika zote asubuhi. Pika kwa awamu, ya mwisho nusu saa kabla ya kengele. Zilizolainika zirudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika mbili ukizungusha, zitakakamaa. Vifungashio tumia vya karatasi, koni za kukunja mwenyewe, lakini iwe karatasi safi; gazeti lina wino. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, usijitafutie faini kwa ajili ya bisi.

*Dada, zile punje zilizogoma unatupa?*

Kuku wa mama mkwe wangu kule Kibosho wanazifahamu vizuri. Zisizo na chumvi nyingi naziponda kwenye kinu na kuwapelekea. Za sukari natupa.