Bwawa la kuogelea la chumvi limegeuka maziwa? Angalia haya kabla hujamwaga dawa yoyote

Masika iliyopita nyumba moja ninayoiangalia huku Mtwapa bwawa lilikatika rangi, asubuhi naamka nakuta maji meupe kama ya tui la pili, na wageni wanaingia Ijumaa. Nikapaniki nikamwaga klorini ya unga ndoo nzima, kesho yake maji yakazidi kuwa meupe. Kumbe maji ya kisima chetu yana chokaa nyingi, na klorini ile ya unga nayo imebeba kalsiamu, kwa hiyo nilikuwa naongeza chokaa juu ya chokaa. Ndo maana nasema tulia kwanza.

Kitu cha kwanza kabisa ni usalama. Kama umesimama ukingoni na huoni kile kimfuniko cha kutolea maji kule chini kwenye kina kirefu, hakuna mtu kuingia, hata kama watoto wanalia, maana mtu akizama kwenye maji ya hivyo hutamuona. Funga geti, halafu ndo uanze mengine.

Halafu hakikisha ni ukungu kweli. Mashine ya chumvi ikiwa inafanya kazi inatoa vipovu vidogo sana vya haidrojeni, ukitazama karibu na mdomo wa kurudishia maji utaona weupe. Chota maji na glasi safi, mkono uzame mpaka kiwiko, weka mezani dakika kumi. Yakisafika yenyewe kuanzia chini kwenda juu, basi ni hewa tu ile. Yakibaki vile vile, una kazi.

Sasa kupima. Watu wanadhani bwawa la chumvi halina klorini, wapi! Chumvi yenyewe ni kidogo tu, kama gramu 3 kwa lita wakati bahari ina 35 hivi, na kazi yake ni kuipa ile mashine kitu cha kutengenezea klorini. Kwa hiyo pima klorini, pH, alkali, chokaa, chumvi, na ile kinga ya jua (dawa inayozuia jua lisiile klorini), na usiamini taa ya mashine peke yake, seli (kile kipande cha mashine kinachotengeneza klorini) ikishika magamba inaweza kukwambia chumvi iko chini na wewe ukaongeza gunia bure. Mabwawa haya pH inapenda kupanda, ikipita 7.8 klorini inakuwa legevu na chokaa inaanza kujitenga na maji, hapo tayari una weupe hata bila mwani. Irudishe kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi (asidi ndo inaingia kwenye maji, usije ukamwagia maji kwenye asidi) na asidi isikae jirani na klorini hata stoo, zikikutana zinatoa gesi ya kuua mtu.

Kuna kipimo kimoja nakipenda sana. Pima klorini usiku jua likishazama, mashine ukiwa umeizima, pima tena alfajiri kabla jua halijatoka. Ikishuka zaidi ya miligramu 1 kwa lita basi kuna kitu kinaila, mara nyingi ni mwani unaanza hata kama kijani hujakiona. Hapo usitegemee mashine ikuokoe. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5, ni lita 75,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita unahitaji gramu 750, mashine ya gramu 20 kwa saa itakesha zaidi ya saa 37 na mchana jua linakula. Klorini ya maji ya asilimia 10, lita saba na nusu, imeisha hiyo. Ila inunue siku ile ile, joto la pwani linaimaliza nguvu ikiwa dukani kwenye rafu.

Filta nayo. Andika geji ya presha inasoma ngapi ikiwa imetoka kuoshwa, ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya hapo, irudishie maji kinyume mpaka kile kioo cha kuangalizia maji kionyeshe maji safi. Mchanga wa miaka saba usiutegemee. Pampu itabidi ikimbie usiku na mchana siku mbili tatu, kwa hiyo tokeni za stima ziwe tayari.

Kama unafikiria shabu, ile ile ya bibi zetu kutulizia maji ya mtungini, jiulize kwanza valvu yako ina njia ya kutupa maji nje bila kupitia filta? Kama haina, au filta ni ya katriji, achana nayo, utaziba kila kitu. Kama ipo, unachanganya, unazima pampu na mashine, unalala, asubuhi uchafu umelala chini kama uji na unaufyonza polepoleee, ukikimbiza mfagio wa kufyonzea, uchafu unainuka wote. Bwawa litashuka hata sentimita 20, hiyo ni lita 10,000, boza zima, kwa hiyo mtu wa boza umeongea naye jana yake sio siku hiyo. Na yale maji usielekeze kwenye migomba au mipapai, yana chumvi, minazi itavumilia.

Ukishajaza, chumvi imepungua kama kilo 30 kwa bwawa la ukubwa huo. Pima kwanza, ongeza ya nyeupe isiyo na madini joto, zungusha maji siku nzima mashine ikiwa imezimwa, chumvi ikishayeyuka yote ndo uiwashe.