Jinsi ya kutoa wimbo wako mwenyewe bila kukwama kwenye fomu

Rafiki yangu alikuwa na wimbo uliokamilika kila kitu, ila umelala kwenye kompyuta kwa sababu ya fomu ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify. Tulikaa tukaijaza pamoja. Haya ndiyo niliyomwelekeza, pamoja na hatua zinazotangulia.

Hatua ya 1: Kuandika

Kila mtu na njia yake. Mimi naanza na kiitikio, nakirekodi kwenye simu papo hapo hata kwa kuguna tu, ndipo nashika kalamu. Chunga jambo moja: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiimba "ninakupenda", pigo zito la ngoma likae kwenye "pe". Likikaa kwenye "ku", msikilizaji atahisi neno limepinda hata asijue kwa nini.

Hatua ya 2: Kurekodi

Kabati lililojaa nguo linashinda chumba kitupu chenye maikrofoni ya bei mbaya. Kaa umbali wa shubiri moja, na kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure na inatosha kwa sauti na gitaa. Ukianza kurundika waitikiaji, hamia Reaper. Programu za simu zinazosafisha sauti zenyewe siziamini, maana hufuta pumzi ya mwimbaji pamoja na kelele.

Hatua ya 3: Miksi na masta

Miksi ni kusawazisha sauti zote pamoja; masta ni kuumalizia wimbo mzima. Usiubane wimbo ili uvume kuliko nyimbo zote. Spotify huishusha sauti hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kwa hiyo utabaki na wimbo uliobanwa na wala hauvumi. Hifadhi faili la WAV, lisilopunguzwa ubora kama MP3. MP3 ukiigeuza kuwa WAV hairudishi kilichokwisha kutupwa.

Hatua ya 4: Fomu ya msambazaji

Hapa ndipo usiku unapoishia. DistroKid, TuneCore, CD Baby: maswali yao yanafanana, kwa hiyo andika majibu pembeni kabla hujafungua akaunti.

Jina la kisanii kwanza. Litafute kwenye majukwaa yote. Fomu itakuuliza kama tayari una ukurasa; ukigusa ukurasa wa mwenye jina kama lako, wimbo utatua kwake. Wa rafiki yangu ulikaribia kutua kwa mpiga piano asiyemjua kabisa. Kama ni wimbo wako wa kwanza, chagua ukurasa mpya. Baada ya hapo usibadilishe herufi wala nafasi katika jina.

Mtunzi ni jina lako halisi, lile la kwenye kitambulisho, si la kisanii. Mlioandika pamoja, gawaneni asilimia kwa maandishi, jumla iwe 100, kabla ya wimbo kutoka. Ukishaanza kuingiza pesa kila mtu atakumbuka mistari mingi zaidi. Msanii mwalikwa ana kisanduku chake. Usimchomeke kwenye jina la wimbo.

Kisha ISRC, msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaotambulisha rekodi. Kama huna, msambazaji atakupa. Uandike mahali salama! Ukihamia msambazaji mwingine, peleka msimbo uleule na faili lilelile, na usiufute wimbo kule kwa zamani mpaka uonekane hewani kutoka kwa huyu mpya. Bila hivyo hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri. Rimiksi ni rekodi nyingine, hivyo hupata msimbo wake.

Biti ya kununua? Soma leseni. Kama wengine nao wameuziwa biti hiyohiyo, usiweke tiki kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua video zinazotumia rekodi yako. Mfumo utaanza kudai video za watu walioinunua kihalali kama wewe, na wao watakudai wewe. Msambazaji huwa hacheki na hilo.

Kava liwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila anwani za mitandao wala nembo za majukwaa.

Tarehe ya kutoka niliweka wiki nne mbele. Ombi kwa wahariri wa orodha za Spotify linatakiwa kufika angalau siku 7 kabla, na kosa moja kwenye fomu linaweza kula wiki zote hizo.

Hatua ya 5: Kushea

Kiungo kilichotupwa kwenye kundi la watu mia hakifunguliwi. Mtumie mmoja mmoja, kwa jina lake, na umwambie kiitikio kinaanza sekunde ya ngapi.