Nyumba inanuka? Weka kopo la sprei chini kwanza

Sprei haiondoi harufu jamani, inaifunika tu, ile ya mwanzo bado ipo palepale na juu yake umeongeza kemikali ambazo nyote mnazivuta usiku kucha huku madirisha mmefunga kwa ajili ya mbu.

Kwa hiyo tafuta kwanza inakotoka. Choo ambacho hakitumiki sana kikinuka, mara nyingi ni lile tundu la sakafuni limekauka, bomba pale chini limepindwa makusudi ili maji yatuame yazuie gesi ya shimoni isipande, yakikauka njia iko wazi. Mwaga maji nusu ndoo, fungua dirisha, subiri. Jikoni kagua spanji ya vyombo, ndoo ya taka, na ile trei ya nyuma ya friji inayokinga maji, wengi hata hawajui kama ipo. Godoro na mito toa juani, hapo hakuna ujanja mwingine.

Bado unataka kunukisha? Sawa, mgeni akibisha hodi kila mtu anakimbilia kopo. Ila gesi inayosukuma sprei kwenye makopo mengi ni butani na propani, zilezile za mtungi wako wa jikoni, usipulize karibu na jiko linalowaka wala mshumaa, na kopo usiliache kwenye gari juani. Fungua dirisha, puliza kidogo, toka. Kama ndani kuna mwenye pumu achana nayo kabisa, inaweza kumwamshia kifua. Zile za kuchomeka kwenye soketi ndo sizipendi zaidi maana zinatoa tu mchana na usiku, basi angalau chumba cha mtoto kisiwe nayo.

Na picha ya limau kwenye kopo isikudanganye. Limonini, ile inayoleta harufu ya limau, ikikutana na gesi ya ozoni iliyoko hewani inazalisha fomaldehaidi, ambayo IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, iliiweka kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Sio kwamba ukipuliza leo kesho unaumwa, shida ni kila siku, chumba kidogo, hewa haitoki.

Sasa vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kabatini na chooni, hapa kuwa makini kuliko kote. Kuna watu wamezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu zisiharibike, sehemu zenye malaria kama kwetu wapo wengi tu na hawajijui. Mtoto mchanga wa hivyo akifunikwa blanketi lililokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, utaona macho ya njano, mkojo mweusi kama koka, mtoto amelegea. Kimbia hospitali na uwaambie kuhusu vidonge, usisubiri wakuulize. Nguo za mtoto usiziweke navyo kabisa, na viwe mbali na mikono ya watoto, wanadhani pipi.

Wa udi nao sijawasahau. Moshi wake unakera mapafu, halafu mkaa wa kwenye chetezo unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Fukiza mlango na dirisha vikiwa wazi, na kabla ya kulala chetezo kitoe nje, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.