Jinsi ya Kutunga Muziki kwa Lupu Tatu Zisizolingana

Mwongozo huu unaeleza namna ninavyotunga kazi mpya kwa kutumia lupu, yaani vipande vya sauti vinavyojirudia bila kukoma. Hakuna noti inayopangwa mapema: mtunzi huweka kanuni, sauti hukutana zinavyokutana, kisha yeye husikiliza na kuchagua. Unahitaji simu au kinasa sauti, programu ya kuhariri sauti, na hedifoni.

Hatua ya 1: Kurekodi

Chagua chombo kimoja tu, kwa mfano bakuli la chuma, ukichunguze kwa subira. Ligonge ukingoni, lisugue kwa kidole kilicholowa, kisha litie maji kidogo na uliinamishe wakati bado linalia, nawe utasikia mlio ukipinda juu na chini. Hakikisha mlio mkubwa kabisa hauvuki desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti cha kinasa, kwa kuwa sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni vigumu kuirekebisha. Acha kila mlio ufifie wenyewe hadi mwisho, kwani sehemu hiyo inayofifia ndiyo itakayokufaa zaidi.

Hatua ya 2: Kugeuza sauti

Punguza kasi ya rekodi moja iwe nusu. Urefu wake utaongezeka maradufu na sauti itashuka oktava moja, yaani itakuwa nzito zaidi, noti ileile ya chini. Rekodi ya pili ikate pale mwanzoni, mahali pa pigo lenyewe. Mhandisi na mtunzi Pierre Schaeffer, akifanya kazi katika redio ya Ufaransa mwaka 1948, alibaini kwamba kengele iliyoondolewa pigo lake la mwanzo huacha kusikika kama kengele, na ugunduzi huo ungali na nguvu ileile kwa yeyote anayeujaribu leo. Kabla yake, mwaka 1944, mtunzi wa Misri Halim El-Dabh alikuwa amerekodi zar, ngoma ya uponyaji, jijini Kairo kwa kinasa kinachohifadhi sauti kwenye waya na kuzigeuza sauti zake studioni. Naona ni haki jina lake litajwe kila tunapozungumzia chimbuko la ufundi huu. Rekodi ya tatu iache ilivyo.

Hatua ya 3: Kupanga urefu

Kila moja ya rekodi tatu sasa inakuwa lupu, na hapa ndipo kazi inapopata umbo lake. Ukichagua lupu za sekunde 10, 15 na 20, zote zitarudi mwanzo kwa pamoja kila baada ya sekunde 60, na msikilizaji ataung'amua mzunguko huo upesi. Chagua badala yake namba tasa: 17, 19 na 23. Lupu hizi zikianza pamoja, hazitaanza tena pamoja hadi zipite sekunde 7,429, yaani saa 2, dakika 3 na sekunde 49, ingawa hakuna sauti mpya iliyoongezwa. Ndani ya kila lupu acha kimya kirefu, ikiwezekana theluthi mbili za urefu wake, kwa sababu bila kimya sauti hufunikana na makutano hayasikiki. Pandisha na kushusha sauti polepole kwa milisekunde 10 kwenye ncha za lupu ili pasitokee mdato kwenye maungio.

Hatua ya 4: Kusikiliza

Cheza lupu zote kwa dakika 40 bila kugusa chochote, huku ukiandika muda wa kila makutano yanayokuvutia. Nawasihi wanaoanza wasiongeze mwangwi wala ala nyingine katika hatua hii, maana kazi nyingi nzuri huharibikia hapa. Ikiwa jambo fulani linakukera, rekebisha lupu yenyewe, kisha sikiliza upya tangu mwanzo. Mwishoni kata sehemu moja ya dakika 10 hivi, palipo na makutano mengi uliyoyaandika.

Hatua ya 5: Kuieleza kazi

Unapowasilisha kazi kwa wanamuziki wenzako, taja chanzo cha sauti, urefu wa kila lupu, na sababu ya kuchagua sehemu hiyo. Maana waachie wao. Wapelekee pia lupu tatu katika mafaili tofauti, ili anayetaka aziachie zijizungushe na kukata sehemu yake mwenyewe.