Hewa ndani ya rejeta
Ukishamwaga kulanti (kimiminika cha kupoza injini) ya zamani, injini ikiwa imepoa kabisa, kazi ambayo wengi huiruka ni kutoa hewa inayonaswa ndani ya mfumo. Jaza polepole mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti na maji yaliyokenekwa, si ya bomba, kisha uwashe injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la juu, ukiongeza kila kiwango kinaposhuka, mpaka mapovu yakome na bomba la mpira la juu la rejeta lipate moto, dalili kwamba thamostati, vali inayopitisha kulanti injini ikipata joto, imefunguka. Kulanti uliyoikinga kwenye beseni ifunike mara moja, kwani ethilini glikoli, kemikali iliyomo ndani yake, ina utamu unaowavutia mbwa, nayo huwaua mbwa na paka.