Rekodi kimya kabla ya kumuaga mgeni

Wanafunzi wenzangu wa redio hapa Goma, mkimaliza kumhoji mwanamuziki au mwandishi, msizime mikro. Mwombeni anyamaze kidogo, kisha mrekodi sekunde 30 za mahali hapo hapo, mikro ikiwa ilipokuwa. Mtakapokata kikohozi au swali lililorudiwa, pengo tupu humshtua msikilizaji. Mkiliziba kwa kipande cha kimya hicho, mshono hausikiki. Msiazime kimya cha studio: kimya cha mtaa kama Birere kina pikipiki na sauti za wauzaji ndani yake, na sikio hutambua haraka sana. Mbinu hii hushindwa jenereta ikiwashwa katikati ya mazungumzo, au mvua ikianza kupiga mabati. Hapo ni afadhali kumwomba mgeni kwa heshima ajibu tena swali lile.